Boti za haidrojeni: Mvuvi wa Tanga apige hesabu kwanza

KABLA wavu haujagusa maji, mwenye chombo ameshatoa fedha mfukoni. Amenunua petroli, oili ya kuchanganyia, barafu na chakula cha mabaharia. Samaki bado wako baharini, lakini deni tayari liko nchi kavu.

Ndivyo siku inavyoanza kwa wavuvi wengi wa mwambao wa kaskazini mwa Tanzania, kuanzia Moa wilayani Mkinga, Sahare na Deep Sea jijini Tanga, Kigombe wilayani Muheza hadi Kipumbwi wilayani Pangani. Wenye ngalawa na madau ya tanga husubiri upepo. Wenye boti za mashine husubiri tangazo la Ewura, ambalo hutoka kila Jumatano ya kwanza ya mwezi likiwa na bei kikomo za mafuta yanayopitia bandari za Dar es Salaam, Tanga na Mtwara.

Bei ikipanda, anayeumia si mwenye chombo peke yake. Kwa desturi ya pwani, gharama za safari hutolewa kwanza, kisha kinachobaki hugawanywa kati ya chombo na mabaharia. Kwa hiyo kila lita inayoongezeka hupunguza fedha za unga, ada na dawa katika nyumba za watu ambao hata hawamiliki mashine.

Ni kwa sababu hiyo habari za boti zinazoendeshwa kwa haidrojeni, gesi inayoweza kutengenezwa kutokana na maji, huwavutia watu wa bahari. Swali la kwanza huwa rahisi: kama maji yamejaa mbele ya nyumba, kwa nini mvuvi aendelee kununua petroli?

Jibu linahitaji kalamu na karatasi. Haidrojeni inasukuma boti kweli, na imeshafanya hivyo mbele ya macho ya watu. Lakini kwa boti ndogo ya Tanga, hesabu inaonyesha kuwa kuna njia nafuu zaidi, na kwamba huenda haidrojeni ikamfaa mkulima wa Muheza au Lushoto kabla haijamfaa mvuvi wa Kigombe.

Maji si mafuta

Haidrojeni ndiyo gesi nyepesi kuliko zote. Maji yameundwa kwa haidrojeni na oksijeni zilizoshikamana. Ili kuzitenganisha ni lazima kupitisha umeme kwenye maji. Zikikutana tena, hutoa nguvu na kurudi kuwa maji.

Hapo ndipo penye siri yote. Maji ni kama majivu ya moto uliokwisha kuwaka. Nguvu yake imeshatoka. Anayetaka haidrojeni kutoka kwenye maji hana budi kuilipia kwa umeme, tena umeme mwingi kuliko nguvu atakayoipata baadaye.

Kilo moja ya haidrojeni huhitaji takriban lita 9 za maji na umeme wa uniti 50 hadi 55. Uniti hizo ni zilezile zinazonunuliwa kwa LUKU. Ndani ya kilo hiyo hubaki nguvu ya uniti 33. Ikiingizwa kwenye seli ya haidrojeni, chombo kinachoigeuza gesi kuwa umeme bila kuichoma, hutoka uniti 16 hivi. Mota ya boti nayo hula kidogo, na propela hupata uniti 15.

Kwa lugha ya sokoni, mtu ameingia na uniti 55 na ametoka na uniti 15.

Maji ya bahari nayo hayatumiki hivihivi. Chumvi huharibu mitambo ya kawaida, na umeme ukipita kwenye maji ya chumvi hutoa klorini, gesi yenye sumu. Ni lazima maji yasafishwe kwanza hadi yawe safi kuliko hata ya kunywa.

Kwa hiyo msomaji akikutana na mtu anayeuza kifaa cha kufunga kwenye mashine ili itumie maji badala ya petroli, ajue kuwa hapo hakuna biashara. Hakuna mashine inayoweza kupata nguvu kutoka kwenye maji matupu.

Walikojaribu

Mataifa yenye fedha yameanza zamani kidogo. Mwaka 2008 jiji la Hamburg, Ujerumani, lilianza kutumia boti ya abiria 100 iitwayo Alsterwasser, iliyoendeshwa kwa seli za haidrojeni. Boti ilifanya kazi. Kilichoshindikana ni kituo cha kuijazia gesi: kilifungwa mwaka 2013 kwa kuwa hakikulipa, na boti ikakosa mahali pa kujaza.

Mwaka 2017 Wafaransa waliizindua Energy Observer, chombo cha zamani cha mashindano kilichofungwa sola, betri na mtambo wa kutengeneza haidrojeni kutokana na maji ya bahari yaliyosafishwa. Kimezunguka bahari nyingi, lakini ni maabara inayoelea. Hakibebi samaki wala shehena ya mtu.

Nchini Norway, kivuko cha MF Hydra chenye uwezo wa kubeba abiria 300 na magari 80 kilianza kutumia haidrojeni iliyogandishwa kuwa kimiminika mwaka 2023. Ili iwe kimiminika, gesi hiyo hupoozwa hadi nyuzi 253 chini ya sifuri. Ililetwa kwa malori kutoka Leuna, Ujerumani, safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Julai 2024 boti iitwayo Sea Change, ya abiria 75, ilianza kubeba watu katika ghuba ya San Francisco, Marekani.

Mifano hiyo ina mambo mawili yanayofanana. Kwanza, yote ilisaidiwa na fedha za serikali au wafadhili. Pili, chombo hakikuwa tatizo kubwa. Tatizo lilikuwa gesi itatoka wapi, itafikaje gatini, na kwa bei gani.

Swali hilohilo ndilo litakalowasubiri watu wa Tanga.

Hesabu ya safari moja

Chukua mfano wa boti ya faiba yenye mashine ya farasi 15, ya aina ile inayochanganya petroli na oili. Ikienda kwa kasi yote, mashine hiyo hunywa lita 6 hadi 7 kwa saa. Tuseme inakimbia saa moja kwenda na saa moja kurudi. Safari nzima itameza lita 13 hivi.

Ili hesabu iwe nyepesi, tuchukue lita moja kuwa Sh3,000. Mvuvi aweke bei ya mwezi wake mwenyewe. Lita 13 ni Sh39,000.

Kazi iliyofanywa na propela katika saa hizo mbili ni sawa na uniti 22 na ushei. Sasa tuangalie kazi hiyohiyo ingegharimu kiasi gani kwa njia nyingine mbili.

Kwa haidrojeni, itahitajika kilo moja na nusu, yaani umeme wa uniti 82 hivi. Kwa tarifa ya T1 iliyopangwa mwaka 2016, uniti ni Sh292, na ukijumlisha kodi na tozo hufika takriban Sh356. Gharama ya umeme peke yake ni zaidi ya Sh29,000. Hapo bado hujalipia mtambo, kuishindilia gesi kwenye mtungi, mshahara wa fundi wala usafiri wa mtungi.

Kwa betri, umeme huingia moja kwa moja bila kupitia kwenye gesi. Kinachopotea wakati wa kuchaji na kuendesha mota ni karibu moja ya tano. Kazi ileile itahitaji uniti 28, ambazo ni takriban Sh10,000.

Hivyo basi, safari moja ni Sh39,000 kwa petroli, zaidi ya Sh29,000 kwa haidrojeni, na Sh10,000 kwa betri. Umeme uleule, ukiwekwa kwenye betri, unaisukuma boti karibu mara tatu ya unavyoisukuma ukigeuzwa kwanza kuwa haidrojeni.

Ukweli huo hautegemei ujanja wa kampuni yoyote. Hata mitambo ikishuka bei kesho, hasara ya kuugeuza umeme kuwa gesi na gesi kuwa umeme tena itabaki kubwa.

Mgao wa mabaharia

Tofauti hiyo ina maana gani kwenye mgao? Tuseme boti ina mabaharia wanne na samaki wameuzwa Sh150,000. Ukitoa petroli Sh39,000, na barafu na chakula Sh11,000, hubaki Sh100,000. Nusu huenda kwa mwenye chombo, na kila baharia huondoka na Sh12,500.

Sasa chukua siku mbaya, samaki wakauzwa Sh50,000. Gharama zote ni Sh50,000. Mabaharia wamekesha baharini na kurudi na kitoweo tu.

Kama nishati ingekuwa Sh10,000, siku ile nzuri kila baharia angepata Sh16,125. Siku mbaya kungebaki Sh29,000 za kugawana. Si nyingi, lakini ni tofauti kati ya kurudi na kitu na kurudi mikono mitupu.

Hata hivyo, hapo bado betri haijalipiwa. Betri na mota ni mali ghali, na mwenye chombo aliyekopa atataka kurudisha mkopo kutokana na mafuta yanayookolewa. Katika mfano huu kinachookolewa ni Sh29,000 kwa safari. Kwa safari 20 kwa mwezi ni Sh580,000, na kwa mwaka ni takriban Sh7 milioni.

Hicho ndicho kipimo cha kwenda nacho dukani. Muuzaji akitaja Sh14 milioni kwa betri, mota na chaja, fedha hurudi baada ya miaka miwili, riba haijahesabiwa. Akitaja Sh35 milioni, ni miaka mitano, na mvuvi aulize kama betri yenyewe ina dhamana ya muda huo.

Uzito nao ni gharama

Betri ina kasoro yake, nayo ni uzito. Betri za lithiamu za kutosha safari ya mfano huu, pamoja na akiba ya dharura, zitakuwa na uzito wa kati ya kilo 200 na 300. Hao ni sawa na mabaharia watatu au wanne ambao hawavuti wavu. Lita 13 za petroli hazifiki kilo 10.

Kwa boti inayovua karibu na miamba na kurudi asubuhi, uzito huo unaweza kuvumilika. Kwa boti inayofuata jodari na nguru mbali, au chombo kinachovusha abiria na mizigo kati ya Kipumbwi na Mkokotoni, Unguja, safari ya zaidi ya kilomita 40, betri huanza kuwa mzigo. Kutoka Tanga hadi Pemba ni karibu kilomita 70, na kwa meli ya mizigo hali huwa ngumu zaidi.

Hapo ndipo haidrojeni inapoanza kuwa na maana. Kilo moja na nusu ya gesi, pamoja na mtungi wake maalumu, ina uzito wa kilo 30 hivi. Kadiri safari inavyorefuka na chombo kinavyokuwa kikubwa, ndivyo wepesi huo unavyolipa. Ndiyo maana mifano ya Ulaya na Marekani mingi ni vivuko na meli, wala si mitumbwi.

Lakini mtungi huo si ule wa jikoni. Gesi ya kupikia hukaa kwa mgandamizo usiozidi baa 10. Haidrojeni hushindiliwa hadi baa 350 au 700, kwa sababu isiposhindiliwa kilo moja tu itajaza karibu mapipa 60 ya lita 200. Kuijaza kwenye mtungi wa gesi ya kupikia ni kutafuta msiba.

Hatari nyingine ni moto. Haidrojeni haina harufu, na mwali wake hauonekani vizuri mchana. Hushika moto ikiwa hewani kwa kiasi cha asilimia 4 tu hadi 75. Kwenye uwazi hupaa na kupotea upesi, lakini ikikusanyika chini ya sitaha ambako kuna jiko la mkaa au mtu anavuta sigara, cheche moja inatosha. Chombo cha namna hiyo kinahitaji vipima gesi, matundu ya hewa na mafundi waliofunzwa.

Wavuvi hawaogopi mageuzi

Mara nyingi husemwa kwamba wavuvi wadogo ni wagumu kubadilika. Historia ya karibuni inasema vingine. Kwa miaka mingi dagaa wa pwani walivuliwa kwa mwanga wa karabai zilizotumia mafuta ya taa. Taa za LED za betri zilipopatikana kwa bei inayobebeka, wavuvi wengi walihama bila kuhubiriwa. Walihama kwa sababu hesabu ilikubali.

Kwenye mashine pia dalili zimeanza kuonekana. Upande wa Kenya wa Ziwa Victoria, mwanzoni mwa miaka ya 2020, kampuni ya Asobo ilianza kuwakodishia wavuvi wa eneo la Mbita mashine za umeme pamoja na betri. Mvuvi hakutakiwa kununua betri, alilipia matumizi.

Mpango wa kukodi unastahili kuangaliwa Tanga, kwa sababu unaiondoa hatari ya betri kwenye mabega ya mvuvi na kuiweka kwa mwenye kampuni. Tofauti ni kwamba ziwani hakuna chumvi. Baharini, kila waya, kiungio na kifuniko ni lazima kiwe kimetengenezwa kwa ajili ya maji ya chumvi, la sivyo kutu itaila faida yote.

Mkulima anaingiaje?

Msomaji wa Korogwe au Lushoto anaweza kudhani habari hii haimhusu. Inamhusu, pengine kuliko mvuvi.

Urea inayowekwa kwenye mahindi hutengenezwa kwa amonia, na amonia hutengenezwa kwa haidrojeni na naitrojeni ya hewani. Mfuko mmoja wa urea wa kilo 50 umebeba kazi ya takriban kilo 5 za haidrojeni. Ni haidrojeni ya kuitosha boti ya mfano wetu safari tatu.

Sehemu kubwa ya haidrojeni duniani hutolewa kwenye gesi asilia na makaa ya mawe. Ndiyo maana gesi ikipanda bei duniani, mbolea hupanda Handeni. Mwaka 2022 urea ilivuka Sh120,000 kwa mfuko nchini, na Serikali ikalazimika kuanza ruzuku iliyoishusha hadi Sh70,000.

Tanga yenyewe inaijua hadithi hii. Kiwanda cha mbolea kilijengwa mjini humo na kuanza uzalishaji miaka ya 1970, na mgodi wa fosfati wa Minjingu mkoani Manyara ulianzishwa kwa ajili ya kukilisha. Malighafi nyingine ziliagizwa kutoka nje kwa meli. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kiwanda kilikuwa kimefungwa.

Kenya, katika mkakati wake wa haidrojeni uliozinduliwa Septemba 2023, imeiweka mbolea mbele. Mwaka huohuo kampuni ya Talus ya Marekani iliweka katika shamba la Kenya Nut Company mtambo mdogo wa kutengeneza amonia kwa umeme wa jua, uliopangwa kutoa tani moja kwa siku. Fikra yake ni rahisi: mbolea itengenezwe palepale inapotumika, bila meli wala bandari.

Je, Tanga inaweza kufanya hivyo? Kwa bei ya LUKU, hapana. Kilo 5 za haidrojeni zingehitaji uniti 275, yaani karibu Sh98,000 za umeme kwa mfuko mmoja wa urea, kabla ya gharama nyingine. Mkulima hawezi kuinunua.

Hesabu ingebadilika kama umeme ungepatikana kwa sehemu ndogo ya bei hiyo. Mkoa una mitambo ya maji ya mto Pangani: Hale ya megawati 21, iliyoanza mwaka 1964, na Maporomoko Mapya ya Pangani ya megawati 68, ya mwaka 1995. Kitaifa, bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115 lilikamilisha mashine zake zote tisa mwaka 2025. Kukiwa na umeme wa ziada saa za usiku ambao ungepotea bure, kuugeuza kuwa malighafi ya mbolea ni wazo la kulipigia hesabu.

Mbolea ina faida ambayo boti haina. Kwenye mbolea, haidrojeni haina mbadala. Urea haitengenezwi kwa betri. Kwenye boti ndogo mbadala upo, tena wa theluthi moja ya gharama ya umeme. Mali adimu hupelekwa mahali ambapo hakuna kitu kingine kinachofaa.

Cha kufanya kesho asubuhi

Wakati wakubwa wanapanga, mvuvi ana safari kesho. Yapo mambo yanayopunguza mafuta bila kusubiri teknolojia yoyote.

La kwanza ni mwendo. Kupunguza kasi kwa asilimia 10 tu huokoa karibu moja ya tano ya mafuta ya safari nzima. Anayekimbilia soko la asubuhi ajiulize kama dakika hizo karibu saba katika kila saa zinalipa.

La pili ni usafi wa chombo. Majani na makome yaliyoganda chini ya boti huifanya mashine ifanye kazi kubwa zaidi, na propela iliyopinda au kumeguka hunywesha petroli bure. Chombo kipandishwe, kikwanguliwe na kupakwa rangi kwa ratiba inayojulikana.

La tatu ni tanga. Kusi na kaskazi hazitozi ushuru. Boti inayoweza kusimamisha mlingoti mdogo na kurudi kwa upepo hutumia petroli ya upande mmoja tu.

La nne ni kuangalia aina ya mashine wakati wa kubadilisha. Mashine zisizochanganya oili kwenye petroli ni ghali kununua lakini hunywa kidogo. Kwa anayetoka kila siku, tofauti hiyo hurudi.

La tano ni umoja. Mwaka 2023 na 2024 Serikali ilikabidhi boti za faiba kwa mkopo kwa wavuvi, na mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, iliyositishwa mwaka 2023, ilirejeshwa mwaka 2024. Kikundi kinachotaka kujaribu mashine ya umeme kianze na boti moja, karibu na gati lenye umeme, kwa safari fupi. Boti nyingine zibaki na petroli hadi majibu yaonekane.

Kabla ya kusaini chochote, muuzaji aulizwe maswali haya: Itasukuma boti yangu, ikiwa na shehena, kwa saa ngapi? Betri au mtungi una dhamana ya miaka mingapi ikitumika kwenye maji ya chumvi? Ikiharibika, fundi yuko Tanga, Dar es Salaam au ng'ambo? Nishati yake itanunuliwa wapi siku ambayo kituo kimefungwa? Shirika la uwakala wa meli, Tasac, ambalo hukagua vyombo, linakubali mabadiliko hayo?

Swali la nne ndilo lililoisimamisha Alsterwasser. Boti ilikuwa nzima, abiria walikuwepo, gesi haikuwepo.

Huenda siku ikafika ambapo meli ya Pemba itang'oa nanga Tanga ikiwa na haidrojeni tangini, na mfuko wa urea utatoka kiwandani badala ya kushushwa bandarini. Hadi hapo, mvuvi mwenye boti ya farasi 15 hana sababu ya kuisubiri haidrojeni, wala ya kukopa kwa ajili yake.

Afadhali anunue daftari la Sh1,000 na kuandika kila safari: lita zilizoingia, saa zilizotumika, kilo zilizouzwa na mgao wa kila mtu. Baada ya miezi mitatu atajua mashine yake inamgharimu nini hasa, na hakuna muuzaji atakayemdanganya. Wahenga walishasema, mali bila daftari hupotea bila habari.